Sisimizi Kwenye Kikombe cha Mama Mkwe

Asali ilikuwa bado inaninata kwenye kidole gumba shangazi aliponiita mara ya tatu. Nilikilamba haraka haraka, nikajifuta kwa kitambaa cha jikoni, nikanyanyua trei. Vikombe saba vidogo vilijaa chai nyekundu inayong'aa. Yeyote angeviona angesema binti huyu anajua kazi. Kilichomo nilikijua mimi peke yangu, ndani ya gauni langu jekundu la uchumba.

"Wewe Yunzhu, unazaa huko jikoni?" Shangazi Fengmei alichungulia mlangoni. "Watu wamekauka makoo!"

"Nakuja, shangazi."

"Njoo kwa heshima basi. Tabasamu, lakini meno usiyatoe yote. Na kidole?"

"Nitakunja. Nimesikia."

"Cha kati. Ukisahau shauri yako."

Wiki nzima alikuwa akinifundisha. Mama mkwe akikuvisha pete, unakunja kidole ili ikwamie kwenye kifundo. Ikiteleza hadi chini, umekwisha, atakutawala mpaka mvi. Shangazi mwenyewe siku yake alisahau kukunja, na anasema alipiga deki miaka kumi na tisa akisimamiwa mlangoni.

Mshenga wetu, Bi Gu, alinishika kiwiko akaniingiza sebuleni. Ukoo wa Lo walikuwa wamekaa kimya kwenye viti vya mbao, wamependeza. Ni majirani zetu. Kati ya shamba lao na letu pana ukuta wa mawe unaofika kiunoni, na juu ya ukuta huo ndipo mchumba wangu Tingkai alipokaa miaka miwili iliyopita, siku tulipomzika baba, akaniambia nisiuze shamba, nibaki hapa kijijini Wuhe, atanifundisha kulima chai. Miaka sita nilikuwa mjini Taipei nikiuza miwani. Jani la chai nililijua kwa kulinywa tu.

Tingkai alikuwa kwenye kiti cha pembeni, suti imembana mabegani. Aliponitazama nilisahau trei. Ana macho yanayokutazama bila haraka, na siku zote nimeyapenda. Siku ile nilitamani angetazama dari.

"Chai ya bi harusi hiyo!" Bi Gu alipaza sauti. "Na msidhani ni maji ya sukari na tende nyekundu kama ya maharusi wa mjini! Hii ni chai ya Wuhe. Punje ya sukari haimo! Kaichuma mwenyewe, kaisokota mwenyewe, na utamu wake umetoka kwenye jani!"

Wakapiga makofi. Uso ukaniwaka moto.

Kwetu bi harusi mwenye shamba akitia sukari kwenye chai ya uchumba, ni kusema shamba limemshinda. Asali yetu haitoki kwa nyuki. Majira ya joto kinakuja kidudu cha kijani, kidogo kuliko ufuta, kinafyonza majani machanga. Jani linajikunja, linapata manjano, mgeni akiliona anakupa pole. Ukilinyausha, ukalisokota, ukaliacha lichachuke likawa jekundu, ndipo linapotoa harufu ya asali mpaka jirani anageuza shingo. Sharti ni moja tu: usipulize dawa. Ukipuliza hata mara moja, kidudu kinakufa, na majira hayo huna asali tena.

Mimi nilipuliza.

Ilikuwa mwezi wa tano, nimeamka alfajiri nikakuta viwavi wamekula safu mbili nzima. Badala ya kumwita Tingkai tuwaokote kwa mkono, nilishikwa na kiherehere. Nilikuwa nimechoka kuitwa muuza miwani. Nilikwenda stoo, nikatoa bomba la marehemu baba na chupa yake ya zamani ya dawa, nikapuliza shamba lote kabla jua halijapanda. Viwavi walikufa. Na kila kitu kingine kilikufa. Chai niliyotengeneza mwezi wa saba ilikuwa na rangi nzuri tu, harufu hakuna. Ndiyo maana asubuhi ya uchumba wangu nilikoroga vijiko viwili vya asali ya nyuki kwenye birika, huku nikisikiliza kama kuna mtu anakuja.

"Karibu, amu," nilisema, nikiinamisha trei.

Amu yake Tingkai alipiga funda moja akaruka. "Loo! Hii asali tupu! Jamani, tumepata mke hapa!"

"Umepata wewe au kapata Tingkai?" Bi Gu alimkata, na watu wakacheka.

Tingkai alipokea chake kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu, akafumba macho, kisha akayafumbua akanitazama. Alijua. Mtu anayelala kiwandani msimu mzima akigeuza majani hawezi kudanganywa na vijiko viwili vya asali. Nilisubiri akunje uso. Hakukunja. Alimaliza chai yote, akasema, "Ahsante, Zhu," kwa sauti ya upole iliyonichoma kuliko tusi.

Mama Lo, mama yake Tingkai, alikuwa wa mwisho. Ni mwanamke mwembamba, ana vidole vyeusi vya utomvu wa chai ambao sabuni haiutoi. Tangu mwezi wa sita alikuwa hanitazami usoni. Nikipita, anainamia kikapu. Nikimsalimu, anaitikia kwa kutazama viatu vyangu. Nilijua hanitaki. Alinusa kikombe, akanywa nusu, kisha akainuka akakiweka dirishani.

"Yangu naiacha ipoe," alisema. "Chai mimi naijua ikiwa baridi."

Pete ilipangiwa saa tano na robo, saa njema aliyoichagua mtabiri. Tulikuwa na saa nzima ya kusubiri. Wageni walianza kuvunja mbegu za tikiti na kusimulia ndoa za watu wengine. Nilijificha kwenye kijia cha kwenda jikoni, na Tingkai akanifuata.

"Zhu."

"Usiseme kitu."

"Mbona umejificha?"

"Ni hili gauni."

"Gauni ndilo limejificha?"

Nilicheka kidogo, kisha nikataka kulia. Nikageuza maneno. "Wewe na mama yako mna nini? Leo ni siku yako, hajakusemesha hata neno moja."

"Mambo ya shamba. Yatapita."

"Ya lini?"

"Ya tangu mwezi wa sita. Ananiambia lete ndoo, peleka ndoo, basi."

"Ulimfanya nini?"

"Kitu cha kumuudhi." Alinishika mkono. Kidole gumba chake kilipita juu ya changu, kikasimama pale palipokuwa bado pananata. Alipasugua mara moja, polepole. "Osha mkono, mpenzi wangu," alisema. "Bi Gu ana macho."

Akarudi sebuleni. Nilibaki nimeegemea ukuta, nimeona aibu mpaka masikio yanavuma. Mwanaume ameniona nilivyo, na bado ameniita mpenzi wake.

Ulipofika wakati wa kukusanya vikombe, nilizunguka tena na trei. Kila mgeni aliweka kikombe na bahasha yake nyekundu ya pesa ndani, Bi Gu akitoa baraka kwa kila mmoja. Nikafika dirishani. Mama Lo alikuwa amesimama pale, kanipa mgongo. Nilichungulia pembeni ya bega lake.

Sisimizi. Walikuwa wametoka kwenye ufa wa dirisha, mstari mmoja mwembamba, wakapanda kikombe, na ndani walikuwa wamejaa wakizunguka ukingo wa chai. Wengine walishazama.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Lo alitoa leso, akafunika kikombe, akageuka kwa wageni. "Nimemwagia chai gauni la mtoto wa watu," alisema kwa sauti. "Twende jikoni, binti, nikufute."

Alifunga mlango wa jikoni kwa mgongo. Aliweka kikombe kwenye sinki, akatoa leso, tukakitazama wote wawili.

"Miaka thelathini naacha vikombe dirishani," alisema. "Sijaona sisimizi hata mmoja akiingia ndani. Harufu wanaisikia, wanakuja, hakuna cha kulamba, wanaondoka."

Nilitazama sakafu nikisubiri matusi, na moyoni niliona bora aanze upesi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema.

Niliinua kichwa.

"Nisamehe sana. Mwezi mzima na zaidi sithubutu kukutazama. Tingkai ndiye aliyeua wadudu wako."

"Tingkai?"

"Hajakwambia? Angekwambiaje! Mwezi wa sita naona safu zetu sita za chini, zile za ukutani kwenu, majani yamenyooka, ya kijani, hayana hata alama ya kuumwa. Nikajua ni dawa. Nikauliza nyumba nzima. Yeye akapiga magoti pale kwenye mashine ya kusokotea, akasema, 'Mama, ni mimi. Niliona viwavi nikapuliza.' Mwanangu! Niliyemfundisha mwenyewe! Na dawa lazima ilivuka ukuta ikaja kwako. Mtoto wa watu anatengeneza chai ya uchumba wake, mwanangu anaiharibu. Na wewe ukaona afadhali utie asali kuliko kutuumbua sisi jirani zako. Nani mwingine angenyamaza hivyo?"

Nilishika ukingo wa sinki. Dawa ilikuwa imevuka ukuta, ndiyo, lakini kutoka kwetu kwenda kwao. Safu sita. Wala sikuwahi kuzifikiria. Na Tingkai alikuwa amebeba lawama yangu.

Mama Lo alikuwa anafungua mkoba wake. Alitoa kipakiti kilichofungwa kwa karatasi nyekundu. "Nimekuja na yangu ya mwaka jana. Tunamwaga hii, tunaosha birika, tunapika hii. Hakuna atakayejua. Mimi na wewe tu."

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, na macho yake yalikuwa yananiomba radhi. Yalikuwa macho ya Tingkai yaleyale.

Nitasema ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ilikuwa rahisi mno. Ningeitikia kwa kichwa, angenikumbatia, ningeolewa nikiwa mkwe mwema aliyestahimili. Kilichonizuia ni zile ndoo. Lete ndoo, peleka ndoo. Mwezi mzima mtu anasemeshwa hivyo na mama yake kwa ajili yangu.

"Mama," nilisema, "si yeye."

"Si yeye nini?"

"Si yeye aliyepuliza. Ni mimi. Kwa bomba la baba. Alfajiri, mwezi wa tano. Nilipuliza shamba langu, upepo ukaja kwenu."

Alibaki na kipakiti mkononi. "Unamtetea."

"Yeye ndiye aliyenitetea mimi. Sikujua, naapa. Sikujua kama safu zenu zimeguswa, na sikuuliza, kwa sababu sikutaka kujua."

"Na hukusema siku ile?"

"Niliona aibu. Kesho yake nikaona aibu ya kutosema jana. Ikawa hivyo mpaka leo, mpaka nikachukua kijiko."

Mama Lo alikaa juu ya pipa la mchele. Nje amu alikuwa anacheka kwa nguvu.

"Zile safu sita," alisema, "baba yake Tingkai alizipanda mwaka tuliooana. Mimi nilikuwa nashika miche, yeye anachimba."

"Pole, Mama."

"Usinipe pole." Aligeukia mlango akaufungua kidogo. "Tingkai! Njoo hapa."

Alikuja mbio. Nadhani lilikuwa jina lake alilolisikia mdomoni mwa mama yake kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Aliona kikombe, akaniona mimi, akafunga mlango.

"Ulipuliza dawa kwenye safu za chini?" Mama Lo aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Dawa gani?"

"Ile... ya viwavi."

"Chupa rangi gani?"

Alinitazama. "Nyeupe?"

"Ya bluu," nilisema.

"Ya bluu," akasema Tingkai.

"Kelele!" Mama Lo alipiga pipa kofi. "Mwongo huyu na mwongo huyu, halafu Bi Gu anataka niwaunganishe! Mtaniletea wajukuu wa namna gani?"

Tingkai alitaka kucheka akajizuia. Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka, yakichukua na poda ya shangazi. "Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. "Ulijuaje?"

"Bomba la baba yako linapiga kelele, Zhu. Mtaa mzima ungelisikia, ila wote walikuwa wamelala. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

"Ungesubiri mpaka lini?"

Alifikiri kweli kweli. "Sijui," alisema. "Mawazo hayakuwa yamefika huko."

Nilijifunika uso kwa mikono miwili. Nampenda mtu huyu, na wakati ule nilijiona sistahili hata kumfulia soksi.

"Haya, machozi baadaye," Mama Lo alisema. Alirudisha kipakiti chake mkobani. "Chai yako imebaki? Ile ile uliyoitengeneza?"

"Ipo."

"Ipike. Bila asali. Mbele yangu."

Nikapika. Nilimwaga ile ya mwanzo, nikaosha birika mara mbili. Nilichemsha maji, nikayaepua, nikangoja mpaka yaache kunguruma, kwa sababu maji yanayotokota huichoma chai hii. Nililipasha birika moto kwanza, nikamwaga, nikatia majani ya kufunika kitako tu.

"Usimwagie katikati," Mama Lo alisema. "Pitisha pembeni. Unayaamsha, huyapigi."

Nikapitisha pembeni. Nikahesabu moyoni taratibu mpaka arobaini.

"Sasa toa yote. Yote! Ukibakiza chini, ya pili inakuwa chungu."

Alifunua kifuniko akanusa upande wake wa ndani, ambako asali hukaa kama ipo. Alinusa tena. Kisha akaonja, akampa Tingkai, Tingkai akanipa mimi.

"Haina asali," alisema Mama Lo.

"Haina," nilijibu.

"Lakini ina utamu mdogo, kwa mbali, ukishameza. Huo ni wa jani lenyewe, na wa mkono uliolikausha bila kuliunguza." Alikiweka kikombe kwenye trei. "Wapelekee."

"Wote?"

"Wote walikunywa ile. Na uwaambie kwa nini unawapa nyingine."

Hiyo njia ya kutoka jikoni mpaka sebuleni ni hatua kumi na mbili, na sitaki kuzipita tena maishani. Nilisimama katikati na trei. Nilisema, "Chai ya kwanza nilitia asali. Shamba langu nililipuliza dawa, nikaharibu na la jirani. Hii ndiyo chai yangu." Maneno hayo tu. Shangazi Fengmei alitoa sauti kama aliyekanyagwa. Bi Gu, ambaye ana baraka kwa kila jambo, alifungua mdomo akaufunga. Amu alipokea kikombe bila kunitazama, akakinywa, akasema kwa sauti ndogo, "Ya moto," kwa kuwa ndilo jema pekee aliloliona.

Saa tano na robo ikafika. Waliniketisha kwenye kiti kirefu, miguu juu ya kigoda, uso mlangoni. Tingkai alisimama pembeni yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyopumua. Mama Lo akaja na pete, akachukua mkono wangu.

Shangazi alikohoa. Akakohoa tena. Nilijua anachotaka. Lakini nilinyoosha kidole, kimenyooka kabisa. Niliona sina haki ya kukunja kitu mbele ya mwanamke yule. Ateremshe pete mpaka chini, anitawale, nipige deki, nilistahili.

Pete ikafika kwenye kifundo. Ikasimama. Mama Lo hakuisukuma.

"Kunja kidole," alininong'oneza.

"Ishushe tu, Mama. Nimekosa."

"Kunja, nimesema. Sitaki mkwe aliyenipa kidole kwa sababu anaona aibu. Mwakani atanichukia." Vidole vyake vyeusi vilinibana mkono. "Zile safu sita utazipalilia na mimi mpaka wadudu warudi, mvua inyeshe, jua liwake. Hilo hulikwepi. Lakini kidole ni chako. Kunja."

Nikakunja. Pete ikakwama, na nyuma yangu shangazi akashusha pumzi mpaka mshumaa wa mezani ukayumba. Nikainua macho nikamtazama Mama Lo, na yeye hakuangalia pembeni.